Jodari wa Tumbe na jodari wa Tokyo: vipi tulinganishe thamani ya samaki wa nchi na nchi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wavuvi hapa Tumbe, Pemba. Kijana wetu mmoja alituonesha kwenye simu jedwali la nchi mbalimbali na thamani ya samaki wanaovuliwa baharini. Akagawa fedha kwa tani, ikatoka kwamba kilo ya Iceland au Norway inashinda yetu mara kadhaa. Mwengine akaongeza kuwa Japani jodari mmoja aliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 3. Wazee wamevunjika moyo, wanasema basi bahari yetu haina kitu. Karibuni tunakutana na mnunuzi kutoka Unguja kuzungumza bei, na sitaki twende na maneno ya kubahatisha. Vipi mtu hulinganisha sawasawa? Na sisi tupime samaki kabla ya kumtoa matumbo au baada?

JAWABU: Marahaba mwanangu, nifikishie salamu kwa wazee wa Tumbe. Waambie wasikate tamaa kwa ajili ya jedwali. Nimekaa madikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, miaka mingi nikiwaandika, kisha nikakaa mezani miaka mingine nikizijumlisha zile karatasi, na jambo moja nimelishuhudia mara nyingi: namba zote za jedwali zikawa sahihi, na maneno yanayotolewa humo yakawa si kweli.

Kijana wenu alipogawa fedha za nchi kwa tani zake hakupata bei ya samaki. Alipata bei ya mchanganyiko, kama mtu aliyetia nguru, vibua, pweza na dagaa ndani ya pakacha moja kisha akauliza kilo ya pakacha ni shilingi ngapi. Dunia nzima ukiifanyia hesabu hiyo inatoka namba pia. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanakisia kwamba mwaka 2022 samaki na viumbe wengine wa majini waliovuliwa duniani, baharini, maziwani na mitoni, walikuwa tani milioni 91, na mauzo yao ya mkono wa kwanza dola bilioni 157. Ni kama dola 1.7 kwa kilo. Lakini hakuna diko popote linalouza samaki anayeitwa wastani.

Itazame Peru. Ni miongoni mwa nchi zinazovua samaki wengi kabisa baharini, na sehemu kubwa ya mzigo wake ni dagaa wa aina moja, anchoveta, wanaosagwa kiwandani kuwa unga wa kulishia samaki na kamba wa kufugwa. Kilo nne hadi tano za dagaa mbichi hutoa kilo moja ya unga. Samaki wa namna hiyo ananunuliwa kwa bei ya chini, kwa hiyo wastani wa Peru unavutwa chini naye. Mwaka 2023 maji yalipata joto la El Niño, bahari ikajaa dagaa wachanga, na serikali ikaufuta msimu wa kwanza wa eneo la kaskazini na kati. Sasa fikiri: ukiutoa mzigo wa bei ndogo ndani ya pakacha, wastani wa kilo unapanda. Hesabu ile ile ya kugawa ingeonesha samaki wa Peru wamepata thamani katika mwaka ambao vyombo vilifungwa gatini na mabaharia wamekaa bure.

Iceland na Norway ziko upande wa pili. Kule uzito wa thamani uko kwa samaki mweupe wa maji baridi, Waingereza humwita cod, yule ambaye Wareno humkausha kwa chumvi na kumwita bacalhau. Ni samaki mkubwa, mnofu mtupu, ana soko la karne nyingi. Ukitaka kumlinganisha na kitu chetu, usimweke na dagaa. Dagaa wetu mcheli ni wa ukoo mmoja na yule wa Peru, na hapo ndipo ulinganisho unapokuwa na maana: wa kwao anakwenda kwenye mashine ya kusaga, wa kwetu anachemshwa kwa maji ya chumvi, anaanikwa, na wachuruzi wanamfuata Unguja ili wamsafirishe mpaka Kongo akaliwe na watu. Nani kasema bahari yetu haina kitu?

Na Norway ina jambo jengine. Ukisikia samaki wa Norway wameingiza mabilioni nje, sehemu kubwa zaidi ya fedha hizo ni za samoni, naye anafugwa kwenye vizimba. Hakuvuliwa. Jedwali likisema “mauzo ya nje ya samaki”, huyo yumo ndani, na mvuvi wa Tumbe anashindanishwa na mfugaji bila ya kujua. Thailand nayo ni hivyo hivyo kwa njia yake: ni muuzaji mkubwa wa jodari wa kopo duniani, lakini jodari wengi wanaoingia viwandani mwake wananunuliwa wakiwa barafu kutoka kwa meli za mataifa mengine. Samaki amevuliwa na huyu, fedha zimeandikwa kwa yule. Hata samaki wanaovuliwa mbele ya macho yetu wanaweza kuhesabiwa kwengine. Katika takwimu za FAO samaki hufuata bendera ya meli. Meli yenye bendera ya Hispania ikivua ndani ya maili 200 za bahari yetu, kwa leseni ya Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu iliyopo Fumba, jodari wale wanaingia kwenye hesabu ya Hispania. Kwetu sisi inaonekana ada ya leseni tu, na ada ya leseni haimo katika jedwali la samaki.

Tuje kwa jodari wa dola milioni 3, maana huyu amewasumbua watu wengi. Habari ni ya kweli. Januari 2019, kwenye mnada wa mwanzo wa mwaka katika soko la Toyosu mjini Tokyo, jodari wa kilo 278 aliuzwa kwa yeni milioni 333.6, yaani yeni milioni 1.2 kwa kilo. Aliyemnunua ni Kiyoshi Kimura, mwenye mikahawa ya sushi. Mnada ule wa mwaka mpya ni heshima na tangazo: mshindi anapigwa picha na panga mkononi, na habari zake zinazunguka dunia bila ya kulipia gazeti. Miaka miwili baadaye, Januari 2021, wakati mikahawa imebanwa na korona, jodari wa mwanzo alikuwa wa kilo 208.4 na aliuzwa kwa yeni milioni 20.84, yaani yeni 100,000 kwa kilo. Soko ni lile lile, samaki ni wa jamii ile ile, bei ya kilo imeshuka mara 12. Juu ya hayo, yule ni jodari wa Pasifiki wa aina ambayo haipiti Mkondo wa Pemba. Wenu ni wa mapezi ya manjano. Msimchukue yule kuwa kipimo, na akitajwa kikaoni mwambieni aliyemtaja arudi kwenye mada.

Lakini kuna kitu kimoja cha Toyosu ninachotaka mukichukue, nacho si bei. Kila jodari aliyelazwa pale sakafuni amekatwa kipande mkiani, na wanunuzi wanapita na tochi, wanamulika mkato, wanatazama rangi na mafuta. Wanainunua hali ya nyama. Na hapa, mwanangu, ndipo palipo na hesabu yenu.

Nimesimama Tumbe asubuhi zaidi ya moja nikingojea vyombo. Mara moja boti iliingia saa nne na nusu, jua limeshakuwa kali. Ndani mna jodari wanne, mkubwa wao kama kilo 30, wamefunikwa gunia lililokuwa bichi alfajiri na sasa limekauka mgongoni. Walivuliwa usiku kwa mshipi. Mnadi aliinua shavu la mkubwa: mashavu mekundu ya ndani, anayopumulia, yalikuwa yameanza kugeuka kahawia. Nikabonyeza ubavu kwa kidole gumba, pakabaki shimo. Alipopasuliwa, nyama iliyokaribu na uti wa mgongo ilikuwa imepauka kama iliyopita motoni, na kwa kiasi ndivyo ilivyokuwa. Jodari hana damu baridi kama changu. Mwili wake una joto kuliko maji anayoogelea, na akipigana na ndoana joto linazidi. Asipochinjwa damu ikatoka, na asipowekwa barafuni mara moja, nyama inaanza kujipika mwenyewe. Baadaye inaingia histamini, ile inayowasha ulimi na kumfanya mlaji apate uwekundu usoni na kuumwa kichwa. Histamini haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Ndiyo maana masoko ya Ulaya yanaipima maabara, na mzigo ukizidi kiwango unakataliwa wote.

Yule jodari aliuzwa siku ile, akakatwa vipande, akaliwa. Nahodha alilipwa. Lakini kwa mizani ya mnunuzi wa nje alikuwa hana bei kabisa, na saa nane kabla ya hapo, alipotoka majini, alikuwa na hali ya kuingia mkahawa wowote duniani. Kumlinganisha yule na jodari wa Japani kwa kilo ni kulinganisha vitu viwili tofauti vilivyovaa jina moja. Wajapani wanamchoma samaki ubongoni afe papo hapo, wanamtoa damu, wanamzamisha kwenye maji ya barafu. Kwa joto letu la pwani kipimo cha kuanzia ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Najua barafu ni ghali na sanduku la kuihifadhia ni ghali zaidi, na mnunuzi asiyelipa tofauti ya bei baina ya samaki wa barafu na samaki wa gunia hana haki ya kulalamikia gunia. Hilo liwe la kwanza katika mazungumzo yenu naye.

Ukitaka mfano wa bahari yetu hii hii, tazama Maldives. Wanavua jodari wadogo kwa mwanzi na mshipi, mmoja mmoja, na mwaka 2012 uvuvi huo ulipata cheti cha kimataifa cha MSC cha uvuvi endelevu. Tangu zamani wanamchemsha, wanamfukiza, wanamkausha na kumuuza Sri Lanka. Aina ile ya samaki hupita kwetu pia. Tofauti ya bei baina yetu na wao inatufundisha kitu, kwa sababu samaki ni mmoja na bahari ni moja. Tofauti yetu na Iceland inatufundisha kidogo mno.

Bei yenyewe nayo lazima iulizwe imechukuliwa wapi. Kuna bei ya diko, chombo kinapofunga. Kuna bei ya sokoni Darajani baada ya usafiri, barafu na faida ya mchuruzi. Kuna bei ya kupakia melini, na kuna bei ya sahani mkahawani kule Nungwi. Jedwali la nchi moja likitumia ya kwanza na la nchi nyengine likatumia ya tatu, hakuna tulichokilinganisha. Wataalamu wanaoifanya kazi hii vizuri huchukua ile ya diko, ya mkono wa kwanza, kwa sababu ndiyo iliyo karibu zaidi na samaki mwenyewe.

Hata bei ya diko si kila pahala imezaliwa kwa njia moja, na hili linaniuma kuliko yote. Norway wana sheria tangu mwaka 1938 inayosema samaki wa mkono wa kwanza anauzwa kupitia vyama vya mauzo vya wavuvi wenyewe, na vyama hivyo vina uwezo wa kuweka bei ya chini ambayo mnunuzi haruhusiwi kushuka chini yake. Sasa njoo kwetu. Mvuvi amepewa nyavu na mashine na tajiri, na hakuandikiana naye riba. Riba yake ni kwamba samaki wote wanakwenda kwa tajiri yule, kwa bei atakayoitamka yeye. Bwana diko, msimamizi wa diko, akija na daftari anaandika bei iliyotamkwa. Namba ile inapanda ngazi mpaka Unguja, mpaka Roma kwa FAO, ikafika kwenye simu ya kijana wenu kuwa ndiyo “thamani ya samaki wa Zanzibar”. Imebeba deni ndani yake na hakuna anayeliona. Niliwahi kuandika bei mbili za changu wa ukubwa mmoja, siku moja, diko moja, mmoja wa mvuvi huru na mmoja wa mvuvi mwenye deni. Zilipishana kwa karibu theluthi. Samaki walikuwa ndugu.

Ndiyo maana nawaomba katika daftari la kikundi muandike bei ya mnada wa wazi peke yake, na ya deni peke yake. Msizichanganye.

Suala la fedha nitalipita upesi. Kubadilisha shilingi kuwa dola kwa bei ya benki kunatosha kama samaki anauzwa nje. Kama analiwa hapa, ulizeni kilo yake inanunua nini. Kilo ya jodari diko la Tumbe inanunua kilo ngapi za mchele dukani? Inanunua lita ngapi za petroli? Mvuvi wa Maldives naye anakula mchele na anachoma mafuta, kwa hiyo swali hilo hilo linaulizika kwake na majibu yanakaa kwenye mizani moja. Mara nyingi pengo lililoonekana kubwa kwa dola linapungua kwa mchele, kisha linarudi kuwa kubwa kwa petroli.

Thamani nyengine ni ya ladha na mazoea ya watu, na haina nchi iliyo juu ya nyengine. Bunju akinasa kwenye dema lenu anatupwa, na atupwe, kwa sababu sumu yake inaua na kila mtoto wa pwani ameonywa. Japani samaki wa jamii ile anaandaliwa na mpishi mwenye leseni maalumu na ni chakula cha gharama. Jongoo bahari hapa hakuna anayemtia chunguni, Hong Kong ni hidaya ya harusi. Na papa mkavu, ng'onda yetu ya mchuzi wa nazi, mgeni wa Ulaya hawezi hata kukaa naye chumba kimoja kwa harufu. Kila mmoja wa hawa ana bei mbili au tatu na zote ni za kweli mahali pake.

Kuna pia samaki wasioandikwa kabisa. Mtungo wa tasi anaokwenda nao baharia nyumbani kuwa kitoweo, pweza anayechokolewa na mama wakati wa bamvua, chaza na kombe wa mwambani: bwana diko hawaoni. Mwaka 2016 Daniel Pauly na Dirk Zeller walichapisha hesabu ya dunia nzima wakijaribu kuwarudisha samaki wa namna hii. Takwimu rasmi za mwaka 1996, mwaka wa kilele, zilionesha tani milioni 86. Wao walipata milioni 130. Nchi ambayo samaki wengi wanaishia chunguni bila kupita mnadani inaonekana maskini kwenye jedwali kuliko ilivyo. Na kama tungepima lishe badala ya fedha, mambo yangegeuka: mwaka 2019 Christina Hicks na wenzake walionesha katika jarida la Nature kwamba samaki wa bahari za joto wana kalisiamu, chuma na zinki nyingi zaidi. Dagaa wa kuliwa na mifupa yake anampa mtoto wa Micheweni kitu ambacho minofu ya bei kubwa haimpi.

Kwa kikao chenu, basi, iacheni Iceland. Chukueni samaki watatu: jodari, nguru na changu. Kwa kila mmoja pateni bei ya siku moja, samaki wa ukubwa mmoja na hali moja, katika diko la Tumbe, diko la Malindi Unguja na soko la Feri Dar es Salaam. Simu tatu kila wiki zinatosha. Toeni nauli, barafu na ushuru, mtaona kinachobaki kwa mnunuzi katika kila kilo, na hapo ndipo pa kushika. Fanyeni hivyo kusi na kaskazi, maana bei ya kusi, bahari ikichafuka na samaki wakiadimika, haisemi lolote kuhusu bei ya kaskazi.

Sasa la mizani. Takwimu za dunia zinahesabu samaki mzima kama alivyotoka majini, wanunuzi wengi wanataka kulipa baada ya matumbo na mashavu kutolewa, na kiwanda kinazungumza minofu. Chukua mfano wa kubuni: mnunuzi anakwambia atalipa shilingi 12,000 kwa kilo ya minofu. Kama minofu ni nusu ya samaki, ni shilingi 6,000 kwa kilo ya samaki mzima, na mwenzake anayelipa 7,000 kwa mzima ndiye anayelipa zaidi. Kuuza kwa mtungo ni kubaya zaidi. Niliwahi kununua mtungo wa tasi kwa bei ile ile siku mbili mfululizo na kuupima nyumbani: wa kwanza kilo 1.4, wa pili kilo 2.1.

Kwa hiyo pimeni kabla na baada. Chagueni jodari 20 wa ukubwa tofauti, kila mmoja apimwe mzima, apimwe tena baada ya matumbo na mashavu kutoka, muandike namba zote mbili kwenye mstari mmoja wa daftari pamoja na urefu wake. Mizani iwe ya saa, itundikwe kivulini, na sindano irudishwe kwenye sifuri kabla ya kila samaki, kwa sababu ndoana na kamba ya kumtundikia navyo vina uzito. Mkishapata hao 20 mtajua uzito gani unapotea kwa jodari wenu, na mnunuzi akileta makato yake mtakuwa na ya kwenu ya kumuonesha.